Mgongo Usio Wangu

Jumanne.

Sijui kwa nini sijakasirika. Leo huko Olkaria mwongozaji alinipa koti nikae kando, halafu jamaa mmoja wa jim ya mtaa wa Free Area akavua shati mahali pangu.

"Mzee, sura itabaki yako," mwongozaji aliniambia. "Mwili tutumie wa huyu."

Na ni mwili ndio ulioniingiza kwa filamu. Kuigiza nilijifunzia hapo hapo.

Wakampaka mafuta. Akasimama mbele ya ule mvuke unaotoka ardhini, mgongo kwa kamera, akawapiga majambazi wangu. Mimi nilikunywa chai.

Jioni nilimwonyesha Mama hicho kipande kwa simu. Enzi za mashindano ya kutunisha misuli yeye ndiye aliyenipaka mgongo, kwa ile jeli ya kukamulia ng'ombe, kwa sababu misuli haikuacha mikono yangu ifike huko nyuma.

Akaangalia. Akarudia.

"Huyu si wewe."

"Ni mimi, Mama."

Akaenda akarudi na jeli. "Vua shati."

Nikavua. Alipaka mgongo wote.

Siku hizi mikono yangu inafika. Sikumwambia.