Mabega ya Urefu Moja

Juma tano, 17/4/2002, Vuhovi

Kambere, bwana yangu, amegombana na jirani Lusenge. Redio ilisema kule Afrika ya Kusini bakubwa bengine ba vita bamesikilizana na serikali ya Kinshasa. Kambere akafurahi — inchi itakuwa moja. Lusenge: Kinshasa haijatutengenezea hata barabara, heri Mouvement inayoshika bunduki huku kwetu, tujitawale. Sauti zikapanda. Banaume hawa! Miye niko karibu kuzaa, miguu imevimba kama viazi, na hakuna aliyeniuliza.

Juma mosi, 20/4

Germaine, infirmière anayetunza bagonjwa hapa kwetu, amenishika tumbo. Mutoto amelala kikingama. Anasema huyu hatazaliwa hapa, nifike hopitali ya Butembo mbele uchungu haujaanza. Mvua imekata barabara, hata moto, pikipiki, haipite. Basi donc, kipoyi, machela ya mianzi ya kubeba ku mabega.

Mais lakini kipoyi inataka mabega ya urefu moja, bila hivyo mugonjwa anateremuka. Na mu kilima yetu, murefu kama Kambere ni Lusenge tu. Tangu ujana babili hawa banabebaka bagonjwa pamoja, mumoja mbele, mumoja nyuma. Nikamwambia Kambere aende kumuomba. Yeye eti atatafuta mwingine. Mwingine wa wapi? Nimelia kwa hasira. Sitaki kufa juu ya redio.

Siku ya Mungu, 21/4

Kisha misa nimeenda miye mwenyewe kwa Lusenge. Nimemukuta anachonga mianzi ya kipoyi. Hakuniacha nimalize. Eti mama Kanyere, ku kipoyi mutu haombwe, niambie tu saa ya kutoka. Wasingya, asante, nikasema.

Kambere kusikia hivyo, ameangalia chini. Halafu akabeba panga, akaenda kumusaidia kuchonga.

Juma tatu, 22/4, njiani

Tunapumzika. Bananibeba na bado banabishana! Mais polepole. Chini ya kipoyi ukikasirika hatua inavunjika, na miye ndiye naumia. Basi mumoja anasema, mwenzake anangoja, pumzi ikirudi anajibu. Lusenge: Kinshasa ilitusahau. Kambere: ni kweli, mais Mouvement nayo inalipisha batu ku barrière, vizuizi vya njiani, na matope ni haya haya. Chini ya mulima Lusenge akabadilisha bega. Ni kweli pia, akasema.

Juu ya Kinshasa habajapatana. Bamepatana juu ya salongo, kazi ya pamoja ya kutengeneza barabara hii, mutoto akisha kuzaliwa, batu ba kila upande. Nikacheka — uchungu ukanishika.

Nimebaambia. Kambere amepoteza rangi. Mabati ya Butembo naiona kule mbele. Lusenge anasema tu: "Bega." Banainama bote babili, banasimama pamoja, na miye napanda sawasawa, siteremuke upande wowote —