Waya za Upande wa Migomba

Tonton Déo,

Mnara wa redio yako hausimami tena. Ninataka usikie kwangu kwanza, kwa sababu ni mimi niliyekuahidi pale hospitalini kwamba hautalala. Haukuanguka. Niliushusha mwenyewe, kipande kwa kipande, saa za mchana, na mtaa mzima wa Bagira ukaona. Nivumilie nikueleze tangu mwanzo, kwa maana ukisikia nusu tu utanikasirikia huko uliko.

Kuna mtu alikuwa analegeza waya zako.

Niligundua wiki chache baada ya mazishi. Nilifunga meza yangu ya simu pale mjini Nyawera mapema, nikapanda Bagira kuangalia kama ulivyonifundisha: timazi kwanza, kisha kutu, kisha waya. Nikachukua kle, ule ufunguo wa boliti, nikagonga kila waya moja baada ya nyingine, sikio karibu. Unakumbuka ulivyonicheka siku ya kwanza nilipogonga kama mtu anayebisha mlangoni? "Taratibu, Nsimire, waya si mlango. Iulize, halafu unyamaze." Basi niliziuliza. Ya upande wa lango ikaitika vizuri. Ya nyuma ya jiko ikaitika. Lakini ya migomba ilitoa sauti ya kopo lililopasuka.

Nikainama kwenye tandere, kile chuma cha kuzungusha kinachokaza waya. Ile waya nyembamba unayoipitisha katikati ili tandere isijizungushe yenyewe haikuwepo. Nikaitafuta kwenye majani, nikaikuta imekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya zege, kama mtu aliyevua saa akataka kunawa mikono. Tonton, upepo haukunji waya. Mvua haiweki kitu juu ya zege.

Nikakaza, nikafunga waya mpya ya usalama, nikanyamaza. Lakini kuanzia siku ile sikuangalia tena watu kama zamani.

Wewe unajua nilimshuku nani. Papa Murhula, jirani wa juu, mwenye nyumba ya mabati mapya. Ni yeye aliyekuwa anakuletea maneno kila msimu wa mvua: mnara unaita radi, mnara unaharibu televizheni yake, siku moja mnara utamlalia. Wewe ulikuwa unamkaribisha kiti na kumpa vipokea sauti vya masikioni aongee na yule mzee wa Brazili wa kwenye redio. Hakuwahi kukubali. Alikuwa anasema, "Mi siongeake na mutu sioni uso." Na tangu mji ulipoingia mikononi mwa wenye bunduki wengine, aliacha hata kunisalimia. Watu siku hizi hawasemi mengi, Tonton. Mtu akisimama na simu mahali pa juu akitafuta mtandao, wanamtazama. Antena ndogo ya redio ya kusikilizia habari watu wanaiingiza ndani. Sasa fikiria mnara wako, mrefu kuliko kanisa, na mikono yake kule juu.

Nilimwuliza mke wako, Maman Vumilia, kama ameona mtu yeyote akipita kwenye migomba. Alikuwa anachambua majani ya sombe, hakuinua kichwa. "Labda ni mvua," alisema. Nikamwambia mvua haina vidole. Akasema, "Kunywa chai, itapoa." Nikanywa. Niliona kwamba amekonda, nikadhani ni msiba.

Niliporudi wiki iliyofuata, waya ilikuwa imelegezwa tena. Na safari hii si ile ya chini tu. Ya pili pia, ile inayokwenda katikati ya mnara, upande uleule wa migomba.

Hapo nikafanya jambo ambalo ungecheka. Nilipita kwa mafundi wa pikipiki, wakanipa oili chafu ndani ya chupa. Nikazikaza waya zote mbili, kisha nikapaka tandere oili ile, upande wa chini ambako macho hayafiki. Nikajiambia: atakayegusa nitamjua kwa mikono. Jumamosi nikaja asubuhi, na kabla hata ya kuingia kwenu nikapiga hodi kwa Papa Murhula. Nilimnyooshea mkono kwa heshima yote. Alinipa kifundo. Unajua mtu anavyokunja ngumi na kukupa kifundo cha mkono akiwa na uchafu? Hivyo. Nikauliza, "Papa, uko mu kazi gani?" Akajibu, "Kazi za nyumba," akaangalia pembeni.

Nilitoka pale nikiwa na hakika kama mtu aliyeshika mwizi mkononi. Nikapita chini ya kamba ya nguo ya Maman, na kitenge chake cha kijani kilikuwa kimeanikwa, na pembeni kina doa jeusi ambalo sabuni ilikuwa imeshindwa kulitoa. Nikasema moyoni, masizi ya masufuria haya. Nikakisogeza kwa kichwa, nikapita.

Jumapili baada ya misa sikwenda nyumbani, nilitaka kumfumania. Nilizunguka kwa njia ya chini, ile ya kisima, nikapanda polepole kupitia migomba. Na hapo nikamwona. Papa Murhula mwenyewe, ndani ya uzio wa parsele yako, na shati lake la kanisani. Alikuwa amefunga kamba ya nailoni kwenye mnara, juu kidogo ya paa la jiko, na amekuja nayo mpaka kwenye mti wa avoka ulio upande wa migomba. Alikuwa ameweka mguu kwenye shina na anavuta kwa mwili wake wote.

Nilipiga kelele. Sitakuandikia yote niliyomwita. Nilisema alisubiri ufe ndipo akuangushe. Watu walitoka nje. Yeye hakuachia kamba. Alikuwa anahema, na jasho limemjaa usoni, akaniambia:

"Siko navuta. Niko nashikilia."

Nikamwambia asinifanye mjinga.

"Mama, nyamaza kidogo. Angalia ule mnara. Ukilala, utalala wapi?"

Nikaangalia. Nilikuwa nimesimama upande ambao sikuwahi kusimama kwa ajili ya kupima, na hasira ilikuwa imenizuia kuona. Mnara ulikuwa umeinama. Waya za migomba zilikuwa zimelegea tena mpaka zinacheza, na zile za lango na za jiko zilikuwa zimekaza kama mishipa ya shingo, zinauvuta mnara kwenda kwao. Na katikati ya lango na jiko, ng'ambo ya uzio, ni chumba cha nyuma cha Papa Murhula. Ndimo watoto wake wanamolala.

Hakuna mtu anayejiangushia chuma juu ya watoto wake.

Niliishika kamba tukavuta wote wawili, tukaizungusha kwenye mti. Fundo alilokuwa amefunga kule juu lilikuwa baya sana, fundo la kufungia mbuzi, lakini alikuwa amepanda mpaka pale kulifunga, yeye anayeogopa hata ngazi ya darini. Nikamwuliza kwa nini mikono yake ilikuwa michafu jana. Akasema aligusa ile tandere kuona kama imekaza, akakuta oili. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"We unaniitaka adui tangu zamani. Ningekwambia nini? Uliza ndani ya nyumba."

Akageuza macho kwenye mlango wa jiko. Maman Vumilia alikuwa amesimama pale, mkono mdomoni. Na mimi nikakumbuka kitenge.

Tonton, usimkasirikie. Nisikilize.

Tuliingia ndani, yeye na mimi. Alikaa kwenye kile kiti chako cha mbele ya redio, ambacho sikuwahi kumwona akikikalia. Aliniambia watu walikuja mara mbili, wenye bunduki, wakati mimi niko kazini. Walizunguka mnara, wakaangalia juu. Wakamwuliza, "Hii antene, munaongeaka na nani?" Akawaambia ni ya televizheni, ya marehemu. Mmoja akacheka, akamwambia televizheni yenu inakula sana mpaka ikarefuka hivi. Mara ya pili hawakucheka. Walisema watarudi na mtu anayejua vitu hivyo.

"Maman, mbona hukuniambia?"

"Uliapa mbele yake ku hopitali. Nilikusikia. Ningekwambia namna gani uvunje kitu Papa Déo alikuachia? Nikasema acha ianguke yenyewe. Mvua njo ibebe lawama."

Alikuwa amekuona ukizungusha zile tandere miaka yote, akajua zinafunguliwa upande gani. Alichagua upande wa migomba kwa sababu alidhani mnara hufuata waya iliyolegea, na kule chini hakuna nyumba. Nilichukua kijiti cha kiberiti na nyuzi tatu za kushonea, nikamwonyesha mezani. Nililegeza uzi mmoja. Kijiti kikaenda upande wa pili. Aliangalia kile kijiti muda mrefu. Kisha akasema jina la mtoto mdogo wa Papa Murhula, yule anayekuja kwake kuomba ndizi, akaanza kulia kwa namna ambayo hakulia hata siku yako.

Nilikaa naye. Nilitaka kukasirika na hasira haikuja. Nilikuwa nimeangalia mikono ya kila mtu wa mtaa ule isipokuwa ya kwake.

Ndiyo maana tuliushusha, siku iliyofuata. Nilipanda na mkanda wako wa kiunoni, nikiwa nimezikaza waya zote kwanza na kuhakikisha mara mbili. Papa Murhula alishika kamba ya puli chini. Maman alifukuza kuku na watoto. Nilianza na mikono ya antena, nikaishusha mmoja mmoja, kisha kipande cha juu kabisa, ambacho tulikichomelea pamoja siku umeme ulipokatika mara tatu ukaniambia hata shirika la umeme linaogopa kazi yetu. Kutu ilikuwa imeanza kwenye kiungo kimoja. Ungeiona mwaka huu, najua.

Nikiwa bado juu nilipumzika kidogo. Ziwa lilikuwa tulivu, na ng'ambo yake milima ya Rwanda ilikuwa karibu kama kawaida. Lakini sikuangalia ziwa sana. Niliangalia mabati ya Bagira, madirisha, watu waliosimama barabarani na vichwa vimeinuliwa. Sikuwahi kufikiria jambo hilo wakati tukiwa wawili kule juu tukibishana kuhusu boliti: kwamba kila anayeweza kuonekana kutoka pale, na yeye anatuona. Maman aliishi chini ya kitu hicho kila siku, peke yake, huku mimi nikija Jumamosi kumgongea waya na kuondoka.

Kulikuwa na kijana kwenye pikipiki. Alisimama penye kona, akatoa simu, akaielekeza kwetu. Nilimkazia macho kutoka juu mpaka akaondoka. Simjui. Papa Murhula anasema ni mpita njia tu. Huenda. Tangu siku ile pikipiki ikipunguza mwendo nyuma yangu ninageuka.

Wale watu walirudi kweli. Walikuta vyuma vimepangwa nyuma ya jiko, na Papa Murhula amekuja kukaa na Maman uani, kama aliyekuja kuazima kitu. Yeye ndiye aliyewajibu. Aliwaambia mwenye mnara alikufa, familia imeshusha, vyuma ni vya kujengea banda la kuku. Waliangalia, wakauliza tena na tena, wakaenda. Aliyetukaribia kwa miaka yote na malalamiko tu ndiye aliyedanganya kwa ajili yetu bila kupepesa jicho. Nilikuwa jikoni nikisikia. Sijui hata sasa kama ninamwelewa.

Redio yako iko mahali. Sitaandika wapi, hata kwako. Karatasi hii nayo nikimaliza nitaiweka ninapojua mimi.

Rafiki zako wa mbali nadhani bado wanakuita. Yule wa Brazili, na yule mama wa Ufini aliyekuwa anakuuliza hali ya hewa ya Bukavu kana kwamba ni ya jirani. Wanasikia mikwaruzo tu, wanadhani mawimbi ni mabaya. Hilo ndilo linaloniuma kuliko vyuma. Nimetafuta namna ya kuwaambia bila mnara na bado sijapata. Nitapata.

Maman analala sasa. Ameanza kunenepa kidogo usoni. Jana alinituma nimpelekee Papa Murhula sahani ya sombe, na nikaipeleka, na mtoto mdogo akanifungulia mlango. Tulisimama na baba yake kwenye uzio. Akauliza, "Siku mutaisimamisha tena, mutaniambia mbele?" Nikamwambia tutamwambia. Akasema, "Basi ni vizuri," akaingia ndani na sahani.

Lala, Tonton. Zege lako bado liko ardhini na sijaruhusu mtu alichimbue. Ahadi ya hospitalini nimeivunja, nakupa hii badala yake: mnara hautapanda tena mpaka Maman Vumilia mwenyewe aseme upandishwe, na siku hiyo, kabla ya kugusa chuma chochote, nitakwenda kupiga hodi kwa Papa Murhula nimwulize waya ya kwanza tuifunge wapi.

Mwanafunzi wako,
Nsimire