Ukurasa wa Baba Rehema

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya mvua

Kwa mama yangu,

Shikamoo mama. Najua umeutazama mwandiko huu kabla Hamisi hajaanza kukusomea, ukauliza ni nani huyu anayeandika kama kuku anayeparura majivu. Ni mimi, mama. Barua zote ulizopata miaka hii saba aliziandika Baba Rehema. Mimi nilikaa pembeni nikimwambia maneno, naye akaandika aliyoona yanafaa. Hii ni ya kwanza ya mkono wangu mwenyewe. Nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima, jioni, shule ya hapa jirani, na barua hii nimeiandika kwa siku nne. Hamisi mdogo wangu, soma polepole, wala usiruke mahali kwa kuwa pana aibu. Aibu ni yangu, siyo yako.

Mguu unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua aliyokuletea mjomba imepunguza uvimbe, au bado unaupakata usiku kucha? Sisi huku hatujambo. Mjukuu wako Rehema ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa sukari anaiita "thukari," na ukimcheka anakununia mpaka jioni. Mvua zimeharibu ukuta wa uani, lakini paa halivuji. Hizo ndizo habari nzuri, nimezimaliza.

Sasa nikueleze lililonikalisha chini niandike.

Unajua kwamba nashona. Labda hujui kwamba cherehani si yangu. Ni ya jirani yangu Mama Chausiku, Mrufiji, mtu mwema sana. Yeye macho yamemchoka, basi mimi nashona na tunagawana nusu kwa nusu. Nguo za shule, foronya, magauni ya sikukuu, vyote hivyo. Huo ndio ulaji wetu mimi na Rehema, maana tangu Baba Rehema aoe mke wa pili kule Kigamboni, mkono wake kwangu umekuwa mzito. Sasa Mama Chausiku ameitwa na ndugu zake Rufiji, wanahamia kijiji cha ujamaa, naye anataka kuwamo kabla viwanja havijagawiwa. Anaondoka mwisho wa mwezi huu, na cherehani yake kichwani.

Watu wakaniambia, mjini lipo duka la Mhindi linalotoa vyerehani kwa kadi. Kadi yenyewe ni ngumu, ya kahawia, ina vyumba kumi na viwili. Unatoa malipo ya kwanza, unachukua cherehani yako, halafu kila mwezi unapeleka kidogo na chumba kimoja kinagongwa muhuri. Nikajikusanyia hela ya malipo ya kwanza. Nikavaa khanga zangu za Idi, nikaenda.

Karani alikuwa kijana mpole, amevaa tai. Akaniuliza, "Mama, ushawahi kukopa popote?"

Mama, nilijitapa. Nikamwambia, "Mie sijawahi kudaiwa na mtu tangu nizaliwe." Nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ulivyotulea. Kukopa harusi, kulipa matanga, ulikuwa ukituambia, na kwamba nyumba yetu haidaiwi hata chumvi. Nikasimama nikingoja anisifu.

Akafunga kalamu yake. "Basi hatuwezi kukupa kadi," akasema. "Asiyewahi kukopa tutajuaje kama analipa?"

Nilidhani ananitania. Nikamtazama usoni, hacheki. Kumbe huku mjini uungwana wetu ni kasoro, mama. Mtu asiyedaiwa ni sawa na mtu asiyejulikana. Basi ikabidi nimeze aibu niseme ukweli, ukweli ambao hata wewe nilikuficha. Nina deni. Ninalo tangu miaka mitatu nyuma. Nachukua mchele, sukari na mafuta ya taa kwa Mzee Salehe, mwenye duka la mtaani kwetu, na kila Jumamosi nikipata hela ya kushona namlipa. Sijawahi kupitisha Jumamosi hata moja, hata ile wiki Rehema alipougua surua.

Karani akachangamka. "Sasa umesema! Nenda kamwambie akupe barua, aandike kwamba jina lako limo kwenye daftari lake na unalipa. Ukirudi nayo, kadi unapata."

Nilirudi Temeke nikichekacheka njiani peke yangu. Watu walidhani nina wazimu.

Mzee Salehe akafungua daftari. Akaligeuza upande wangu. Kusoma najua sasa, kwa hiyo nilisoma. Ukurasa ule, na unaofuata, na unaofuata, Jumamosi zangu zote zimepangwa, na juu yake kuna jina la mume wangu.

Nikakumbuka. Siku ile ya kwanza, miaka mitatu nyuma, aliniuliza, "Niandike nani?" Nami nikainama nikasema, "Andika mwenyewe wa nyumba, si unamjua." Jina la mume sikulitaja, maana wewe na kungwi wangu mlinifunda kwamba mke mwenye adabu hataji jina la mumewe, si mbele ya watu wala gizani. Wala sikutaja langu, maana mke ana jina gani dukani wakati mume yupo? Mzee Salehe akacheka, akasema, "Huyu kweli kafundwa," akaandika. Nilitoka pale najiona mwanamke kamili. Silaumu mtu, mama. Nakueleza tu nilikoanzia kupotea.

Nikamwambia, "Sasa si uandike barua useme mlipaji ni mie?"

Akajikuna ndevu. "Mama Rehema, barua nilishaandika. Mumeo alikujaga hapa baada ya Idi. Kataka barua ya kwenda duka hilohilo la kadi. Jina ni lake, limekaa safi miaka mitatu, mie ningemkatalia kwa lipi?"

"Kachukua nini?"

"Redio."

Mama, nyumbani kwangu hakuna redio.

Nilikaa kwenye gunia lake la mchele mpaka akaniletea maji. Sikulia pale. Nililia nyumbani, nikiosha vyombo, Rehema asione. Jumamosi zangu zote, mgongo wangu wote, zimekuwa redio Kigamboni, na mke mwenzangu anaamka nayo asubuhi anasikiliza taarifa ya habari.

Baba Rehema alipokuja zamu yangu nikamuuliza kwa utaratibu. Nikamtengea chakula kwanza, nikamnawisha, ndipo nikasema, "Baba Rehema, redio yangu haijambo?"

Akaacha kutafuna. "Redio gani?"

"Niliyoishona."

"Aa, Mama Rehema, na wewe! Kule kwenyewe mbali, ukikosa pantoni ya kuvukia umelala huko. Hata jirani wa kukwambia kuna nini duniani hakuna. Hapa redio za majirani si unazisikia bure?"

Ni kweli, ya jirani naisikia. Nikamwomba basi anisimamie nipate cherehani. Akasema, "Cherehani ya nini, kwani mie nimekufa?" Akamaliza wali. Si mtu mkorofi, mama, usije ukamchukia. Hajanipiga hata siku moja. Ila lile lililo kubwa kwangu yeye halioni kabisa, na mimi sijui nimwonyeshe kwa kitu gani.

Nikarudi kwa karani. Nilikuwa sina barua, sina mpango, nilikwenda tu, kama mtu anayerudi mahali alipodondosha kitu. Nikamtajia barua ya Mzee Salehe, akatafuta kwenye sanduku lake la kadi akaitoa ile ya redio. Akasikitika. "Kadi hii miezi miwili haijagongwa. Ukifika wa tatu, redio tunaifuata na jina tunalikata. Likishakatwa, hapa halichukui tena hata sindano." Kisha akasema kwa huruma, naona alitaka kunisaidia, "Lakini kadi ikiwa safi, mumeo anaweza kuongezewa cherehani."

Hapa ndipo pa aibu, Hamisi. Soma.

Hela ya malipo ya kwanza ya cherehani nilikuwa nayo, nimeifunga kwenye pindo la khanga. Nilifikiri hivi: jina lile ni lake, lakini usafi wake ni wangu. Nikiliacha lichafuke, miaka mitatu yangu nayo inachafuka, nami nitakuwa sina hata hicho cha kuibiwa. Nikafungua pindo.

"Jina la mwenye kadi? Sharti mlipaji alitaje mwenyewe," akasema, kalamu mkononi.

Nikasema, "Baba Rehema."

"Mama, hilo silo jina. Naandika risiti."

Nyuma yangu palikuwa na watu, mmoja anakohoa ili niharakishe. Nikalitamka, mama. Jina la mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu ndoa, mbele ya wanaume nisiowajua. Niliona kama nimetukana. Karani akaandika, akagonga muhuri mara mbili, miezi miwili, akanipa risiti. Nilipofika mlangoni ndipo nilipoisoma. Imepokewa kutoka kwa, halafu jina lake. Kosa lilelile, nimelirudia tena kwa mkono wangu, na safari hii najua kusoma.

Nikageuka. Nadhani karani aliniona uso. Akaniita pembeni, akaniambia njia iliyobaki, maana mume kuja kuniombea cherehani hatakuja. Nifungue ukurasa wangu kwa Mzee Salehe, kwa jina langu, nikope na kulipa mwaka mzima. Nipate barua ya balozi wa nyumba kumi. Tena nilete barua yoyote iliyopita posta ikiwa na jina langu juu ya bahasha, aone kwamba kuna watu wananijua kwa jina hilo.

Mwaka mzima, mama. Cherehani inaondoka mwisho wa mwezi. Huo mwaka nitaula na nini na mtoto? Nimelizungusha kichwani mpaka kimeuma na sijapata jibu, basi nimeacha kulizungusha. Mama Chausiku amelia na mimi, akasema angeniachia, lakini wanawe wamemkatalia.

Kwa balozi nilikwenda. Mzee mzuri, alinikaribisha kahawa. Akaandika barua ndefu yenye muhuri, kwamba ananifahamu, nimetulia, sigombani na watu. Inaanza hivi: "Mwenye barua hii ni mke wa," na jina la mume wangu. Nikamwambia, "Mzee, jina langu." Akasema, "Si ndiyo hilo nimeliandika?" Nikamshukuru nikaondoka.

Kwa Mzee Salehe nako niliomba ukurasa mpya. Akachovya kalamu. "Niandike nani?"

Ukiniuliza kwa nini, sijui. Nilifungua mdomo nikasema, "Mama Rehema."

"Akina Mama Rehema ninao watatu humu," akasema. "Mmoja hanilipi. Unataka nikuchanganye naye?"

Basi nikasema jina langu. Nililisema kwa sauti ndogo, akaniuliza mara mbili, nikalirudia kama nataja jina la mgeni aliyelala kwetu. Miaka saba huku sijasikia mtu akiniita hivyo. Akaliandika. Chini yake robo ya sukari. Ndiyo mali yote niliyonayo kwa jina langu duniani, deni la robo ya sukari.

Sasa ninalokuomba. Sikuombi hela, najua huna, na usiuze mbuzi. Naomba barua. Zote ulizowahi kuniletea zilikuja kwa jina la Baba Rehema, kwa sanduku la posta la kazini kwake, hata moja haina jina langu. Niandikie hata kama hakuna habari. Mwambie Hamisi aandike tu kwamba mguu umepona, au haujapona. Muhimu ni bahasha. Asiandike "mke wa," asiandike "mama wa." Aandike jina nililotia sahihi hapa chini, herufi kwa herufi, na sanduku la posta la shule ambalo mwalimu wetu wa kisomo ameliandika nyuma ya karatasi hii. Yeye ataniletea.

Nisalimie mjomba wangu, mwambie asante ya dawa. Nisalimie shangazi wa ng'ambo ya mto na wanawe. Kungwi wangu mpe shikamoo ya peke yake, wala msimweleze kwamba nililitaja jina la mume mbele ya watu, ataona alipoteza kazi yake. Hamisi, msalimie mkeo, na ukimnunulia chochote kwa daftari, uliza limeandikwa jina la nani. Rehema anamwamkia bibi yake, ameniomba niandike kwamba meno mapya yanakuja.

Mama, kabla Hamisi hajaandika ile bahasha, litaje jina langu kwa sauti, kama ulivyokuwa ukiniita nikiwa kisimani. Huku siwezi kulisikia, lakini nitajua siku ile limetajwa.

Ni mimi mwanao,

Somoe binti Issa Chilumba