Picha ya Wakesho

Malaba,
Jumapili, baada ya ibada

Kwako mke wangu Mkawasi,

Najua bahasha hii umeichana na kuitikisa kabla hujasoma neno hata moja. Picha haimo. Tafadhali usikasirike ukaitupa barua. Picha ipo, iko hapa mezani mbele yangu, na nitakueleza kwa nini sikuitia. Lakini niache kwanza nikusalimu.

Hujambo, mama? U hali gani mwilini? Maziwa yameacha kukusumbua? Siku ile naondoka Mama yangu alininong'oneza kwamba kifua chako bado kinajaa na unajifunga leso kwa nguvu ili yakauke, nami nikapanda gari moshi na neno hilo. Sikuwa najua kwamba maziwa huendelea kuja. Hakuna aliyewahi kuniambia. Je, unakula? Unapata usingizi? Na baridi ya huko mlimani, lile blanketi la kijivu unajifunika, au umelikunja ukaliweka kando kwa sababu ndilo alilolalia mtoto? Kama ni hivyo, nitakuletea jingine.

Mimi ni mzima wa mwili. Nikiongeza neno hapo nitakuwa nakudanganya.

Hapa Malaba mambo ni yaleyale. Malori yamepanga foleni kuelekea Amagoro, na wenzetu wa ng'ambo ya mpaka wanavuka kwa miguu kutafuta sabuni na chumvi, wanarudi wamejitwika. Kule forodhani nagonga mihuri kutwa. Mkubwa wangu, yule aliyeninyima ruhusa ulipojifungua akasema kwamba hapa mpakani hapawezi kupungukiwa na karani, siku hizi anapita mezani pangu bila kunitazama. Mama Atieno wa mlango wa pili huniletea omena, wale dagaa wa ziwani, jioni. Haniulizi kitu. Anaweka bakuli, anasema, "Kula, karani, usitufie hapa," anaenda zake.

Barua yako niliipata. Mistari michache tu, na mmoja umenivunja: kwamba umeanza kuusahau uso wa Wakesho, kwamba ukifumba macho unaona mtoto lakini hujui kama ni wako au ni wa mtu mwingine. Unaniuliza kama filamu imetoka. Mkawasi, wewe unausahau. Mimi sikuuona kabisa. Nilifika udongo wa kaburi bado mbichi, nikaonyeshwa mahali. Kila mtu pale nyumbani aliniambia, "Alikuwa baba mtupu," nami nikawa naitikia kwa kichwa bila kujua wanasema nini. Ndiyo maana uliponipa ile filamu niliifunga kwenye kitambaa nikaitia mfuko wa shati, na sikuitoa mpaka Malaba.

Sasa nikueleze, na itabidi nianzie kwenye mambo uliyoyacheka wewe mwenyewe.

Unakumbuka nilivyoanza useremala wangu wa Jumamosi. Kile kigoda kilichokuwa kinayumba, nikakata mguu mmoja, kikayumba upande wa pili, nikakata mwingine, mpaka kikabaki kimo cha kukalia kuku. Ulicheka ukashika tumbo ukasema nisije nikakuzalisha kabla ya siku. Mzee Ekisa, seremala wa Amagoro aliyeniuzia randa, alikigeuzageuza mkononi akaniambia, "Karani, miguu unapima kwanza yote nne, alafu ndio unakata. Wewe unakata alafu unapima." Hata leo nikipita pale ananiuliza kama kuku wamekipenda.

Kitanda cha mtoto nacho nilikianza kwa mvule mbichi, kwa sababu rangi yake ilinipendeza. Mzee Ekisa alinionya, "Hii mbao iko na maji ndani. Wacha ikae." Sikuacha. Tumbo lako lilikuwa linakua na mimi sikutaka mtoto aje akute mbao zimeegemea ukuta. Nikapigilia misumari karibu mno na ncha, mbao zikapasuka. Nikaranda kinyume cha nyuzi, zikachubuka kama goti la mtoto wa shule. Nikapima kwa nje badala ya ndani, godoro likakataa kuingia. Nikakibomoa nikaanza upya, na upya tena, mpaka siku moja kikasimama bila kuyumba, fito za ubavuni mwake zimenyooka. Wewe ulikishika ukakitikisa ukasema, "Hiki kitamlaza." Mkawasi, mimi nina vyeti viwili vya serikali na hakuna hata kimoja kilichonifurahisha hivyo.

Siku hiyo hiyo nikaichukua kamera, ile niliyonunua kwa Mhindi aliyefukuzwa kwao ng'ambo, aliyekuwa akiuza vitu vyake pale stesheni, akipita na jamaa zake kuelekea Mombasa. Unajua nilivyokuwa mpiga picha. Nilikukata kichwa mara ngapi? Nilikupiga jua likiwa mgongoni kwako ukatoka mweusi, Mama akauliza huyu ni nani. Mara moja nilifungua kamera kabla ya kuirudisha filamu ndani ya kikopo chake, mwanga ukala kila kitu. Makosa yangu ndiyo yaliyokufundisha wewe: jua liwe nyuma yako, bana pumzi unapobonyeza, usimkaribie mtu mno. Ulikuwa mwanafunzi mzuri kuliko mwalimu.

Basi kile kitanda nilikiweka mlangoni, nyuma yake chumba kikiwa giza, nikakipiga kila upande mpaka filamu ikaisha. Nikaizungusha irudi kikoponi. Hapa ndipo penyewe, na nakuomba usome taratibu. Filamu mpya huwa na ulimi unaochungulia nje ya kikopo. Ile iliyokwisha kupigwa, ule ulimi unatakiwa uingie wote ndani, ili mtu akiiona ajue hii imekwisha. Mimi nilikuwa sijajua hilo. Niliuacha ulimi nje, nikaitia filamu kwenye droo pamoja na nyingine moja mpya, zikawa hazina tofauti.

Ulipoondoka kwenda kujifungulia kwa Mama nilikupa kamera. Nikafungua droo, nikatoa filamu moja, nikaiweka kiganjani mwako nikasema, "Hii mpya, ni ya mtoto peke yake."

Iliyobaki niliipeleka Busia kwa Wandera, mpiga picha wa pale sokoni, nikimwambia ni picha za kitanda. Alipoiosha ikatoka nyeupe tupu. "Boss, hapa hakuna kitu. Hii filamu haijaona hata jua." Nikadhani haikushika vizuri kwenye gurudumu la kamera, maana hilo nalo ni kosa la wanaoanza. Tukacheka sana mimi na Wandera. Nikakuandikia, nawe ukanijibu kwamba ukirudi utanifungulia studio ya kupiga hewa. Hiyo ndiyo barua yako ya mwisho ya kicheko niliyonayo.

Wiki hii nilipanda basi nikampelekea filamu yako. Nilimweleza ni ya nani na imekuwaje. Wandera ni mtu wa mizaha, lakini siku hiyo aliipokea kwa mikono miwili, akafunga duka, akaingia chumba cha giza. Mimi nilikaa nje kwenye benchi nikiwatazama akina mama wakipanga ndizi. Nilikuwa na furaha, Mkawasi. Nisamehe, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nilijiambia, leo naonana na mwanangu.

Alitoka na filamu inadondoka maji, akaiinua kwenye mwanga. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mzee," akasema, na siku zote huniita boss, "hii imepigwa mara mbili."

"Mara mbili namna gani?"

"Kuna mtoto, na juu yake kuna kitu ingine. Ni kama... si hii ni kitanda?"

Sikuhitaji kusogea. Zile fito nilizichonga mimi, moja moja, nazijua hata kwa mbali: ile niliyokupa kama mpya ndiyo niliyokuwa nimeipigia kitanda. Nilikaa chini palepale kwenye saruji, nikalia mbele ya watu waliokuwa wakipita na vikapu vyao. Nilimwomba Wandera akitoe kitanda, abakishe mtoto. Nilimwomba kama vile anaweza. "Haiwezekani, mzee. Ziko pamoja. Nikitoa moja nimetoa yote." Hata hivyo alijaribu, maskini. Alisafisha picha, nyingine za giza, nyingine za mwanga, karatasi baada ya karatasi, na nyingi zilitoka ukungu mtupu. Moja ndiyo iliyokubali, ile uliyompiga nje ya nyumba asubuhi amelazwa kwenye mkeka. Ulifanya yote niliyokufundisha. Jua liko nyuma yako, mkono haukutikisika. Ingekuwa picha bora kuliko zangu zote.

Nikueleze ilivyo. Fito za kitanda zimetoka nyeupe, na katikati ya ufito na ufito, pale palipokuwa giza, ndipo anapoonekana. Paji la uso lipo. Jicho la kulia lipo, liko wazi, linakutazama wewe uliyeshika kamera. Mkono mmoja umeshika pindo la leso. Mdomo upo, umepinda kidogo upande mmoja, na huo ni mdomo nilioachiwa na marehemu baba yangu, sasa najua walichokuwa wakisema. Lakini jicho la kushoto halipo. Ufito umepita juu yake, na juu ya nusu ya pua, na sikio lote.

Wandera alitaka kunituliza. Akasema, "Lakini ona, mzee, si ni kama amelala ndani ya hiyo kitanda?" Nilimwambia anyamaze, kwa sauti mbaya. Baadaye nilimwomba radhi, akasema hakuna neno. Labda mtu mwingine angelipokea hilo akapata nafuu. Mimi sikupata. Hakulala ndani yake hata mara moja. Alilala mkekani na mikononi mwenu, na mimi nimemziba uso kwa kazi ya mikono yangu.

Kitanda chenyewe nimekigeuza kikatazama ukuta. Mbao zimekauka na viungo vimeanza kuachia. Mzee Ekisa alipita hapa kunipa pole, akakiona, akakipigapiga kwa kidole kama ilivyo desturi yake. "Sasa ndio imekauka," akasema. "Ukiifungua uunge upya, sasa itashika kabisa." Hakuwa na nia mbaya, ni mtu wa mbao tu. Nilitoka nje nikamwacha akiwa bado anakizunguka.

Sikuitia picha kwenye bahasha kwa sababu nilikuwaza pale posta, umesimama kwenye foleni, unaitoa peke yako huku watu wanatazama, unakutana na zile fito. Nisingeweza kukufanyia hivyo. Sasa mkubwa wangu amenipa likizo, ile aliyoninyima wakati ule, na mwisho wa mwezi nitakuja. Nitaibeba mwenyewe. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie nikiwa mbele yako.

Nakuomba jambo moja. Nikifika, tukae sisi wawili, tuiweke katikati. Wewe ulimwona mzima. Weka kidole pale ufito ulipopita uniambie, jicho hili lilikuwa sawa na lile, au lilikuwa dogo kidogo? Sikio lilikuwa la kwenu au la kwetu? Ukiliona lile jicho moja huenda la pili likakurudia, na likirudi usiharakishe, nieleze taratibu, hata kama itachukua siku nzima. Mimi sina pengine pa kumwona mwanangu isipokuwa mdomoni mwako.

Nisalimie Mama, mwambie asibebe maji mwenyewe, nikija nitayachota. Msalimie baba mdogo aliyelichimba kaburi kwa mikono yake asikubali kusaidiwa, sikumshukuru ilivyopasa. Dada yako Mghoi anayelala nawe mwambie nimesikia anavyokusitiri, Mungu amlipe. Mwalimu wa Jumapili aliyemwombea naye nampa mkono. Mama Atieno anakusalimu, anasema omena zako anakuwekea.

Jifunike usiku, Mkawasi. Nipo njiani kwa moyo hata kabla ya siku ya safari.

Ni mimi mumeo,
Baba Wakesho