Ukungu Ndani ya Bomba

Jumanne, 12 Novemba

Limekohoa tena. Asubuhi, kabichi zimejaa nyuma, nimefika kwenye ile kona ya kupandia Lukozi, tu-tu-tu, injini ikatetemeka mwili mzima na nguvu zikaisha. Bodaboda nyuma yangu wanapiga honi. Mmoja kapita akaniuliza kama nimejaza maji kwenye tangi. Nilichomjibu sikiandiki.

Mwezi wa pili huu tangu nilinunue. Gari la mkono wa pili, la kwanza katika ukoo wetu, na nalipenda. Naandika wazi kwa kuwa hapa hakuna wa kunicheka. Mlango mmoja haufunguki kwa ndani. Redio inashika stesheni moja tu. Na linamisi. Mafundi ndivyo wanavyosema, linamisi. Mama yangu anasema linakohoa.

Jioni simu kutoka Zirai, kwa mama mkubwa, dada yake mama. Macho yanakwisha. Moja limeshafunga, la pili linaona vivuli, na penye mwanga mkali linaona sura ya mtu akisogea karibu sana. Mwanawe anakuja kumchukua akaishi naye Mwanza. Wanaondoka Jumatatu ya tarehe 25. Kamwambia mama, "Njoo nikuone, mdogo wangu."

Nilisikia, spika ya simu ilikuwa wazi. Mama alikuwa bado ameishika simu iliyokwisha kukatika.

Basi hapandi. Nyonga yake ilivunjika mwaka juzi, ngazi za basi zinamshinda. Nikasema, gari lipo. Akaliangalia pale uani. "Nitapanda likiacha kukohoa. Likinizimikia kule msituni Amani nitakaa na nani, mbega?"

Hana kosa. Ndicho kinachoniudhi.

Alhamisi, 14 Novemba

Mombo, kwa Fundi Hoza. Mara ya tatu. Kinachotia wazimu: kushuka tu, ukishapita Soni, joto likianza, gari linanyamaza. Nikifika gereji linanguruma vizuri kama mtoto aliyekuwa analia na sasa kaona wageni.

Fundi kachomeka kompyuta yake. Kompyuta inasema injini inamisi. Silinda ipi, haisemi. Hilo hata mama analijua na hana kompyuta. Plagi alishabadilisha, nozeli alishasafisha. Leo kaliendesha mwenyewe, kaenda karibu na njia panda na kurudi, jasho na tabasamu.

"Dada, gari haina tatizo. Ni mlima tu. Injini ya tambarare, haijazoea."

Haijazoea! Nimepanda nayo mlima huo huo kurudi. Kabla ya Lushoto, ukungu umetanda, saa kumi tu lakini watu wamewasha taa, tu-tu-tu. Nimeegesha pembeni nikalia kidogo. Kwa hasira, si kwa huzuni.

Ijumaa, 15 Novemba

Kila mtu Lukozi ana jibu. Mafuta machafu. Gia. Jirani anasema niliombee. Nimemwambia nimeshaliombea.

Mama kakunja kitenge chake kizuri, alichokuwa amekitoa kwa safari, kakirudisha sandukuni.

Jumapili, 17 Novemba

Leo jua. Jua kweli, la kuanikia maharage. Baada ya ibada nimewapakia akina mama wanne wa kwaya, na hakuna hata mmoja mwembamba. Ile kona ya kupandia Lukozi. Nimeuma meno.

Kimya. Likapanda kama mbuzi.

Nikageuza nikashuka tena. Akina mama wakauliza tunaenda wapi. Nikapanda mara ya pili. Kimya!

Mlima ule ule, mzigo mkubwa kuliko kabichi, na halikukohoa. Basi si mlima. Fundi Hoza kakosea, jirani kakosea, wote wamekosea, na mimi nilikuwa nawaamini kama mjinga. Wali umepoa mbele yangu. Mama kaniuliza kama naumwa.

Kuna kitu kipo hapa, Mombo hakipo, na leo hata hapa hakikuwepo. Nini?

Jumatatu, 18 Novemba

UKUNGU.

Nimetamka kwa sauti uani, kuku wakakimbia.

Nimeamka ukungu hadi mlangoni, banda la ng'ombe halionekani. Nimefungua boneti kabla ya kuwasha. Ndani kote matone, yamejipanga kwenye vyuma. Ule mpira unaozunguka ukingo wa boneti, panya wameutafuna kipande kizima. Maji yanadondoka moja kwa moja juu ya injini. Nimewasha: tu-tu-tu, hapo hapo, halijatoka hata hatua moja.

Halichoshwi na mlima. Linaugua umande. Kule Mombo linapona kabla daktari hajaliona.

Sasa, maji yanaingia wapi? Hapo sijui. Ila nimewaza mpaka leo kupalilia karoti nimepalilia vibaya.

Jumanne, 19 Novemba

Nimesubiri jua lipande, injini ikauke kabisa. Nimewasha. Safi. Nikachukua bomba letu la kupulizia dawa nyanya, nimelisugua kwa sabuni mpaka harufu imekwisha, nikajaza maji matupu. Nikakaza ile ncha hadi maji yakatoka kama moshi. Ukungu wangu mwenyewe.

Nikalibeba mgongoni kama naenda shambani, nikasimama mbele ya gari.

Kwanza nyaya. Kimya. Kisha koili, vile vidude vyeusi vinavyopeleka moto kwenye plagi, kila silinda na chake. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.

Ya tatu. Tu-tu-tu!

Nimepiga kelele. Mama katoka na fimbo yake, akidhani nimeungua. Nikamwambia tazama, nikasubiri ikauke, gari likatulia, nikapuliza tena ile ya tatu, likakohoa tena. Ikauka, likatulia. Naliambia kohoa, linakohoa. Nyamaza, linanyamaza. Nilicheza na bomba mgongoni, maji yakanimwagikia hadi miguuni. Mama alijitahidi asicheke, akashindwa.

Jumatano, 20 Novemba

Nimempelekea Fundi Hoza ukungu wake. Bomba nimelikalisha kiti cha mbele na kulifunga mkanda.

Mombo jua linachoma. Aliponiona nateremsha bomba akaniuliza kama nimekuja kumpulizia nyanya. Mafundi wenzake wakacheka. Nikawaacha wacheke. Nikamwomba awashe, na asikilize tu.

Nilipopuliza koili ya tatu, kicheko kiliisha chote kwa pamoja. Fundi akainama. "Rudia." Nikarudia. Akachomoa koili, akaifuta, akaiinua juani akiizungusha taratibu. Ufa mwembamba kama unywele. Ikiwa kavu, moto unafika kwenye plagi. Ikilowa, moto unatorokea pale kwenye ufa na silinda inabaki bila kitu.

Hakutafuta pa kujificha. Kasema kakosea, na kwamba watu wa mlimani wamekuwa wakimlalamikia miaka yote kuhusu magari yanayopona yakifika kwake, naye akawa anadhani wanaota. Kisha kaniomba nimwachie bomba. Nikamwambia anunue lake.

Koili ameagiza Tanga, itakuja na basi. Najivunia. Sioni haya kuandika hivyo.

Ijumaa, 22 Novemba

Siku mbaya halafu nzuri.

Koili imekuja. Siyo. Meno ya soketi hayaingii, wametuma ya gari jingine. Fundi kapiga simu Tanga, nyingine mpaka Jumanne. Jumanne mama mkubwa atakuwa Mwanza. Nilikaa juu ya tairi chakavu. Zirai ni safari ya siku moja tu. Ufa wa unywele ndio unaotuzuia.

Nikamweleza fundi kila kitu kuhusu mama mkubwa. Macho, jicho moja, Jumatatu. Sikupanga kumweleza, kilitoka chenyewe.

Fundi Hoza akasikiliza, akaenda nyuma ya gereji kwenye gari lake mwenyewe, lenye injini kama yangu, akafungua boneti. Akarudi na koili mkononi.

"Mimi nitatembea kwa miguu mpaka Jumanne. Nyumbani si mbali."

Akaifunga. Mpira wa boneti kaukata kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, umekaa vizuri kuliko wa kiwandani. Kisha akaniambia nilete ukungu. Nimepuliza mpaka bomba likaisha. Injini haikushtuka.

Kurudi nimekuta ukungu mzito kuanzia Soni. Nimeimba njia nzima.

Jumamosi, 23 Novemba

Haraka haraka. Bado hakujapambazuka. Mama kavaa kile kitenge. Kabla ya kupanda kanitaka nipulize mbele yake. Kasimama na fimbo, sikio limeinama kuelekea injini kama anasikiliza kifua cha mtoto. Nimepuliza kote.

"Haya. Tuondoke."

Tunaondoka!

Jumapili, 24 Novemba

Zirai. Mama na dada yake bado wamelala, kitanda kimoja, kama walivyolala utotoni. Jana usiku sikuweza kuandika.

Tulipotoka Muheza na kuanza kupanda Amani, msitu wote ulikuwa maji. Ukungu unapita barabarani. Mama alishika dashibodi kwa mikono miwili. Mimi nilisikiliza injini tu. Mahali fulani katikati ya mashamba ya chai aliachia dashibodi, akaweka mikono mapajani. Nikajua ameamini.

Tumefika jioni. Mama mkubwa alikuwa amesimama mlangoni, anaelekeza uso kwenye sauti. Nimemwamkia shikamoo, kaniitikia bila kunitazama. Wao wakasalimiana Kishambaa, ile salamu ndefu isiyoisha, wameshikana mikono. Kisha mama mkubwa akasema haoni kitu. Ndani giza, nje kote kumekuwa kweupe kama maziwa. Akamvuta mama aje karibu, akajaribu tena, akatikisa kichwa.

Akauliza, "Gari lina taa?"

Nikaligeuza litazame nyumba. Mama akasimama mbele ya taa, fimbo mkononi, macho kayafumba kwa mwanga. Nikapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Usizime," mama mkubwa akasema. "Ziendelee hivyo hivyo, kali."

Akamsogelea. Akamshika kidevu, akamgeuza huku, akamgeuza kule, pua zao karibu kugusana. Akamvua kilemba kidogo akaangalia mvi. Ukungu ulikuwa unapita katikati ya taa, mzito, unalowesha boneti. Nilikaa kwenye kiti cha dereva nikiusikiliza ule mngurumo, nikingoja ukosee mara moja tu. Haukukosea.

Mama machozi yanamtoka na hayafuti. Mama mkubwa hakulia. Alikuwa na kazi.

Baada ya muda akamfunga mama kilemba chake upya, vizuri, akanigeukia.

"Basi, mwanangu. Nimemwona. Zima."

Nikazima.