Debe la Mheshimiwa

Jumatano usiku.

Umeme wa kijiji chetu ulipotea Jumatatu ya wiki iliyopita, radi ilipounguza transfoma. Mashine yangu ya kusaga imenyamaza tangu hapo.

Leo mbunge wetu kaja kusikiliza kero. Kwa desturi, mgeni wa heshima hapa haondoki bila unga. Nikawaambia kina mama tumpe debe la mahindi makavu, yasiyosagwa.

Alilipokea kwa mikono miwili, akachungulia. "Mama Neema, unga uko wapi?"

"Utasagia Dodoma, Mheshimiwa. Huko umeme upo."

Watu wakaangua kicheko, naye akacheka kuliko wote. Kisha akasema mchakato unaendelea.

"Mwanangu," nikamwambia, "mchakato hausagi mahindi."

Nacheka hata sasa, ila moyoni nina hofu. Tisa kati ya kila wateja wangu kumi wanakwenda kijiji jirani cha Nyakitonto, kwenye mashine ya dizeli. Wakizoea huko, mimi niliyeanza kwa kutwanga kwa mikono yangu...

Nimemtumia ujumbe kwenye simu: Ijumaa saa sita mchana, kabla hujaondoka Kasulu mjini kurudi Dodoma na debe letu, nijibu. Transfoma inakuja au haiji?