Mpini wa Ufagio

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kikohozi cha mtoto kimeisha. Sisi hatujambo kiasi. Mkono wa kushoto wa mama bado umo kwenye plasta. Daktari kaongeza wiki tatu, na mama anasema daktari huyo angejaribu kwanza kukanda unga kwa mkono mmoja.

Ile paneli ya sola iliyong'olewa paani na upepo, ikamwangukia mama akianua nguo, nimeiondoa uani. Nayajua uliyowaambia ndugu: kwamba kazi ya paa haimfai mwanamke, kwamba wewe ulikuwa ndani tu, aliyeshika drili ni mimi. Shangazi kanifikishia yote, hakupunguza hata neno. Wateja wangu wawili wameshatafuta fundi mwingine. Nilidhani labda nimekosea kweli.

Unakumbuka tulivyopanga. Bati la mama limepakwa lami kuziba matundu, misumari ya zamani haionekani, aliye juu hajui mbao imepita wapi. Kwa hiyo wewe utambae darini, ugonge mbao kwa nyundo, nami nitoboe palepale. Skrubu iliyoshika bati tupu haijashika kitu. Hayo ulinifundisha wewe mwenyewe.

Juzi nilipanda darini. Vumbi la miaka limetulia, halina alama ya goti wala kiganja. Matundu yote nane ya skrubu yako kwenye bati tupu, mbao iko shibiri nzima pembeni. Kwenye mlango wa dari nimekuta mpini wa ufagio na chupa yako ya soda. Kumbe ulisimama kwenye ngazi, kaka, ukawa unanigongea bati popote mpini ulipofika! Kikulacho ki nguoni mwako. Nilizoea kuwaambia wenzangu, sikudhani nami ningeambiwa. Uvivu wako naujua tangu utotoni, ningekusamehe. Kilichoniuma ni kunitwika lawama wakati mama anafungwa plasta.

Nami nina langu la kuungama. Nilisikia. Mbao ikigongwa hujibu kwa sauti nzito, bati hulia. Siku ile lililia mara zote nane, na drili ikazama bila kutoa hata unga wa mbao. Niliendelea kwa sababu aliyegonga ni wewe. Jana nilimwambia mama, naye akasema atanigongea yeye.

Leo asubuhi nimebomoa dari ya chumba chako cha zamani ili mbao zionekane, nikaipandisha paneli juu tena. Mama akasimama chini na mpini uleule, akanigongea kwa mkono wake mzima. Alipogonga mara ya kwanza nilishuka, nikaingia ndani kuhakikisha. Ilikuwa mbao. Akagonga tena, nikashuka tena. Nilishuka mara nane, kaka, kumhakiki mama yangu mzazi. Kila mara aliushikilia mpini palepale juu mpaka niingie nione.

Paneli sasa haitikisiki. Msalimie wifi, mbusu mtoto. Siku ukija, pitia kwanza kwa shangazi umwambie ukweli, ndipo ubishe hodi hapa.

Ni mimi mdogo wako,
uliyekuwa ukimwita Paka wa Mabati.